Dawa Iliyokufa Kabla ya Siku Zake

Mtu akifungua chupa ya siki karibu yangu, kabla sijaifikiria kachumbari nageuka kwanza kuangalia nani amesimama nyuma yangu. Wanangu hunicheka. Wanasema mama yao anashuku hata saladi. Sijawahi kuwaeleza vizuri sababu yake, kwa hiyo ngoja niwaeleze ninyi, maana mambo mengine ni rahisi kumwambia mtu usiyemjua kuliko uliyemzaa. Ile harufu kali ya siki, iliyochanganyika kwa mbali na harufu ya kiberiti kilichozimwa, ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba yetu ya Nyasho, pale Musoma, nilipokuwa na miaka tisa. Nyumba za wenzangu zilinuka moshi, au samaki wa kukaushwa, au mafuta ya taa siku yalipopatikana. Ya kwetu ilinuka dawa ya picha.

Baba yangu alikuwa mpiga picha. Msifikirie studio yenye pazia la bustani na kiti cha kifalme. Alikuwa na kamera moja, baiskeli moja, na stoo ya nyumbani ambayo aliziba dirisha lake kwa bati na blanketi mpaka ikawa chumba cha giza. Mlangoni alining'iniza kanga mbili za Mama, na Mama hakuacha kuzidai hata siku moja. Katikati ya wiki alikwenda Bunda kuwapiga picha watoto wa shule na watu wa Nyasura waliotaka picha za vitambulisho, au alipanda basi la Butiama kwenda kwenye harusi na vipaimara, na Jumapili baada ya misa alijifungia kusafisha mikanda yote ya wiki. Siku hiyo hatukuruhusiwa kupiga kelele wala kupika kitu chenye moshi, kana kwamba picha zingekohoa.

Dawa zilikuwa mbili, na Baba alizipa majina yake mwenyewe. Ya kwanza aliiita ya kuamsha, kwa sababu ndiyo iliyoamsha picha iliyolala ndani ya mkanda. Ya pili aliiita ya kutuliza, kwa sababu bila hiyo picha ingeendelea kubadilika mpaka watu wote wafanane na sufuria. Ya kuamsha, alisema Baba, ni mkweli. Ikichoka inageuka rangi, inakuwa kama chai ya rangi, na kila mwenye macho anaona. Ya kutuliza ni mnafiki. Inakufa huku uso wake ni uleule, mweupe kama maji. Ukiitumia ikiwa imekufa, picha inatoka nzuri, mwenyewe anafurahi, anaitundika ukutani, halafu baada ya miezi michache inaanza kuingia ukahawia na madoa. Baba alishapatwa na jambo hilo mara moja. Bibi harusi mmoja wa Butiama alififia kidogo kidogo ukutani mpaka akabaki bwana harusi peke yake, na maneno aliyoambiwa Baba kule sitayaandika hapa.

Kwa hiyo ile ya pili hakuiamini hata kidogo. Kila mkanda ukipita alichora kijiti kimoja kwenye plasta aliyoibandika kwenye chupa. Vikifika vijiti kumi na tano, dawa inamwagwa. Lakini hata vijiti havikumtosha, maana miaka ile unga wa dawa ulipitia mpakani Sirari ndani ya magunia ya watu na ulikuwa ukitufikia umeshazeekea njiani. Kuanzia mkanda wa nne alipima. Alikata ulimi wa mkanda, kile kipande cha mwanzo kisicho na picha, akakitumbukiza kwenye glasi ya dawa palepale mwangani. Kipande kinaingia kikiwa na utando kama wa maziwa, kisha kinasafishika taratibu mpaka unaona kidole chako upande wa pili. Dawa nzima hufanya kazi hiyo kwa Salamu Maria tano. Ikichoka zinakuwa saba, nane. Zikifika kumi, imekufa, na hakuna mjadala.

Ndiyo, tulipima kwa Salamu Maria. Saa ya Baba ilikuwa imesimama tangu mwaka uliotangulia, na fundi alikuwa akisubiri kifaa ambacho kila mwezi kilikuwa kinakuja mwezi ujao. Mama naye alichemsha mayai kwa Baba Yetu kumi na mbili, na yalitoka vizuri kuliko yanavyotoka leo kwenye jiko langu la umeme.

Mwaka huo Baba alinipa mimi kazi ya kupima. Yeye akiwa ndani gizani anapachika mkanda kwenye kopo lake la kusafishia, mimi nilikuwa uani na glasi na ule ulimi. Nikimaliza napeleka namba mlangoni: "Baba, sita." Naye anajibu kutoka gizani, "Sawa, Fausta." Hamwezi kujua raha niliyoipata kwa ile "sawa." Baba hakuwa mtu wa kumtaja mtoto kwa jina kama hakuna kosa. Chupa ya kwanza niliipima kama alivyonionyesha, neno kwa neno, macho yangu kwenye glasi, na ilifika vijiti kumi na vinne.

Chupa ya pili ilipokorogwa, Shangazi Veronika alikuwa ameshahamia kwetu. Alikuwa dada yake Baba, ameolewa Kisorya, na mumewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Ndugu za mume walichukua mtumbwi, wakachukua nyavu, wakamwachia sufuria na msiba. Alifika Nyasho na kifurushi kimoja, akapewa kitanda chumbani kwangu, na mimi nikahamishiwa kwenye mkeka. Sitawaficha, sikumpenda. Alikoroma, alijua kila nilipoficha kiporo changu cha muhogo, na alikuwa na tabia ya kukutazama muda mrefu bila kusema kitu. Nilimwambia rafiki yangu kwamba kwetu amekuja mtu wa kupeleleza.

Kulikuwa na jambo jingine lililotutia mashaka wote. Miaka ile sabuni ilikuwa haionekani. Duka la ushirika lilikuwa na rafu, karani na kalenda, basi. Watu walifua kwa majani ya mpapai, na nguo zetu zote zilitoka na rangi moja ya kusikitisha, hata lile gauni langu la Jumapili. Lakini gauni la Shangazi Veronika lilikuwa jeupe. Jeupe la kuumiza macho, kanisani watu wanageuka. Na ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi, wakati ambapo mtu mwenye vipande vitatu vya sabuni uvunguni alilala macho wazi. Jirani alikuwa hamwamini jirani. Mama aliuliza kwa sauti ya utani ambayo haikuwa ya utani:

"Wifi, sabuni hiyo unaipataga wapi?"

"Majani ya mpapai, wifi. Na maji ya majivu. Halafu unarudia, unarudia, mpaka mikono ichoke."

"Mbona sisi tunarudiaga na haitoki?"

Shangazi aliangalia mikono yake, akacheka kidogo. Mama alichukua kule kucheka kama jibu.

Chupa ya pili ilikufa kwenye kijiti cha nane. Mimi ndiye niliyepeleka habari mlangoni: "Baba, kumi." Akauliza kutoka gizani, "Kumi?" Nikasema kumi. Alitoka akipepesa macho, akaishika chupa, akainusa, akaitazama juani. Lakini mnafiki hana dalili. Aliimwaga kwenye shimo nyuma ya choo, akakoroga nyingine kutoka pakiti ya mwisho aliyokuwa nayo. Ile nayo ilikufa kwenye kijiti cha sita.

Baba hakuwa mtu wa kelele. Hasira yake ilikuwa ya kimyakimya, ya kufunga vitu. Tangu ile ya pili ilipokufa alikuwa amefunga uzi kwenye kifuniko cha chupa, fundo lake la siri, na kuchora mstari wa kalamu pale dawa ilipokomea. Uzi haukukatika. Dawa haikupungua chini ya mstari. Mtu mwingine angesema basi, hakuna mwizi. Baba alisema mwizi ni mjanja. Alimweleza Mama chumbani, nami nikiwa nimebana sikio mlangoni, kwamba mtu anachota dawa nzima, anajazia maji mpaka kwenye mstari, anafunga fundo vilevile. Ndiyo maana inakufa mapema. Mama akauliza mtu aifanyie nini dawa ya picha. Halafu Mama mwenyewe akasema polepole, "Nguo."

Siwezi kuwaeleza jinsi neno lile lilivyoniingia. Lilipanga kila kitu. Ule weupe, kule kuamka kabla ya watu, kule kutazama bila kusema. Kikulacho ki nguoni mwako, bibi yangu alizoea kusema, na mimi nikaona kwamba chetu kilikuwa nguoni kwelikweli, na nguo zenyewe zilikuwa zimeanikwa uani.

Nikaanza upelelezi. Nilikuwa nimesikia kwamba siku za mwizi ni arobaini, nikachora mistari arobaini kwa mkaa nyuma ya banda la kuku na kufuta mmoja kila jioni. Nilimfuata Shangazi kisimani, nilimfuata chooni, nilihesabu mara alizopita mbele ya mlango wa stoo. Nilinusa mikono yake alipolala. Ilikuwa inanuka uchachu, na mimi nikakimbilia kwa Baba asubuhi kumwambia mikono ya Shangazi inanuka dawa. Sikumwambia kwamba jioni ile alikuwa amesafisha sato kwa ndimu. Sikumficha kwa makusudi, naapa, ile ndimu haikunijia kichwani kabisa. Mtu akishashuku, pua yake inachagua.

Nilimwambia pia kwamba nimemwona akitoka stoo. Nilikuwa nimemwona kweli, na ufagio mkononi.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya harusi nyingine ya Butiama. Baba alikuwa na mikanda mitatu ya harusi ile, na dawa ndiyo hiyo imekufa, imemwagwa, pakiti zimekwisha, na mtu wa Sirari amesema mzigo unachelewa kwa sababu barabarani kuna ukaguzi mkali. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya nne. Baba mzazi wa bibi harusi akaja mwenyewe Musoma, mzee wa ng'ombe, fimbo mkononi, akasimama uani kwetu na kuuliza mbele ya majirani kama picha za binti yake zimeuzwa. Watu wa Butiama walikuwa hawajamsahau yule bibi harusi aliyefifia. Baba aliomba radhi mpaka nikaona aibu kuangalia. Yule mzee alipoondoka, Baba alikaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza nikamwona amezeeka.

Jioni ileile, jua bado lipo, alimwita Shangazi sebuleni. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha.

"Veronika, nakuuliza kwa mara moja tu. Dawa yangu unaifanyia nini?"

"Dawa gani, Kaka?"

"Dawa haifagi yenyewe. Imekufa mara mbili tangu umekuja hapa. Kabla yako ilikuwa inafika vijiti kumi na vinne."

"Mimi chupa yako naipitiaga tu nikifagia. Sijaigusa, haki ya Mungu." Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Kaka, ukinitoa hapa unanirudisha kwa watu walionyang'anya mpaka kasia. Unalijua hilo."

"Nalijua. Ndiyo maana nauliza."

Shangazi akasema kwa haraka, "Umeshawahi kumsikiliza huyu mtoto akiwa anapima?"

Mnaona, nilijiambia, amebanwa na sasa ananitupia mimi. Niliondoka pale dirishani kabla sijasikia Baba alichojibu. Nilikwenda kukaa nyuma ya banda la kuku nikiwa na hasira ya mtu aliyesingiziwa, na nikafuta mistari miwili badala ya mmoja.

Siku mbili baadaye alikuja Katekista Magesa. Alikuwa mwalimu wetu wa dini pale parokiani, mtu mpole mwenye shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu, na saa kubwa ya chuma iliyokuwa ikilegea mkononi. Mwaka ule nilikuwa najiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Nilipoitwa sebuleni na kumkuta ameketi na Baba, Mama amesimama, na Shangazi Veronika kwenye kona na gauni lake jeupe, nilijua mara moja kwamba ni mtihani wa sala. Mama alikuwa amenivalisha viatu. Baba alisema tu, "Fausta, sali Salamu Maria tano. Kama unavyosaliga." Katekista akavua saa, akaiweka mezani, akaniambia, "Usiogope, mwanangu."

Nilikunja mikono kifuani kama masista. Nilisali kwa sauti, kila neno nikiliweka mahali pake, nikatua panapotua, nikainamisha kichwa kwenye jina la Yesu, nikavuta ile Amina ya mwisho kama wanavyoivuta kwaya. Sijawahi kusali vizuri vile tena maishani. Nilipofumbua macho, Katekista alikuwa akitabasamu. "Hivyo ndivyo," alisema. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa isaliwe." Baba aliangalia saa, akamwangalia Shangazi. Shangazi aliangalia sakafu. Mimi nilidhani amenionea wivu.

Kesho yake asubuhi alikuwa amefunga kifurushi chake. Baba alimpa nauli ya basi la Bunda, na kutoka pale angetafuta gari la Kisorya. Mama alimpa debe la unga. Hakukuwa na matusi, hakukuwa na machozi, kila mtu alikuwa na adabu za kutisha. Aliponifikia mimi alinishika kidevu, akanitazama kwa ule mtazamo wake mrefu, na nikadhani atasema kitu. Aliniachia, akatoka. Nilirudi kitandani kwangu siku hiyohiyo. Kwenye ule ukuta wa banda la kuku ilikuwa imebaki mistari kumi na moja, na nilijivunia kwamba kwetu mwizi hakufikisha arobaini.

Sasa sikilizeni hili, kwa maana ndilo linaloniuma. Mzigo wa Sirari ulipofika, Baba alikoroga dawa mpya, akasafisha ile harusi ya Butiama, na mimi nikaendelea kupima. Dawa ile ilifika vijiti kumi na tano. Iliyofuata nayo kumi na tano. Baba alimwonyesha Mama plasta ya chupa, na Mama akatikisa kichwa na kupiga ulimi. Hakuna mtu katika nyumba yetu aliyehitaji ushahidi mwingine.

Miaka ikapita, ruhusa za kuingiza bidhaa zikatolewa, malori yakaanza kuingia. Ghafla kulikuwa na sabuni za rangi nne, za harufu tano, na watoto wa Nyasho wakawa wanapuliza mapovu kwa kuchezea tu. Zikaja picha za rangi, mikanda ikawa inapelekwa Mwanza na kurudi imesafishwa ndani ya bahasha zinazong'aa. Chumba cha giza kikawa stoo tena, na Mama akapata kanga zake, zimetoboka. Shangazi Veronika tulikutana naye misibani tu. Alikuwa anauza dagaa Kisorya, kajenga chumba na ukumbi, na akiingia mahali nilipo, mkono wangu ulikuwa ukienda wenyewe kushika mkoba. Mtu mzima mimi, nina mume, nina kazi, nashika mkoba kwa sababu shangazi yangu ameingia.

Jioni moja, miaka mingi baadaye, tulikuwa tunasali nyumbani kabla ya kula, na zamu ilikuwa ya binti yangu mdogo. Nje wenzake walikuwa wakicheza rede, kila mara wanamwita. Alisali Salamu Maria kwa namna ambayo mwanzo na Amina viligusana. Mume wangu akacheka, akamwambia, "Mama, Bikira Maria hajasikia hata jina lake." Wote wakacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimesikia sauti za rede upande wa pili wa uzio wa Nyasho, nimeona glasi, na ulimi wa mkanda, na mimi mwenyewe mguu mmoja umeshatangulia mlangoni.

Nilikaa jikoni na simu, nikapima. Nikasali polepole kama Baba alivyonifundisha, halafu nikasali kama mtoto anayeitwa kucheza. Muda uliotosha sala tano za kwanza ulimeza kumi za pili na ukabaki. Dawa haikuwa imekufa. Ilikuwa nzima kabisa tulipoimwaga shimoni, mara zote mbili. Nilipozoea ile kazi niliikimbiza sala, na kadiri nilivyokimbiza, dawa ilionekana inachoka. Na baada ya Katekista kunisifia, nilianza kuisali kwa mapozi hata uani, mbele ya glasi, ili nisifiwe tena na yeyote atakayepita. Ndiyo maana dawa ilipona Shangazi alipoondoka.

Nilisafiri mpaka Nyasho. Baba alikuwa amezeeka, magoti yake hayamtii, lakini akili ilikuwa timamu. Nilimweleza yote nikiwa nimekaa chini karibu na kiti chake, kama mtoto. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa.

"Alisema," akaniambia. "Siku ile ile. Alisema huyu mtoto anakimbiza sala, ndiyo maana namba zinakuwa kubwa. Ndiyo maana nilimwita Magesa na saa yake."

Nikauliza: "Kwa hiyo ule haukuwa mtihani wa Komunyo?"

"Komunyo gani?" Alinitazama kwa kunionea huruma. "Ulikuwa wewe ndiyo shahidi wake. Yule hakuwa na mwingine." Akapapasa goti lake. "Ukasali vizuri sana."

Nilikwenda Kisorya peke yangu. Nilimkuta Shangazi Veronika nyuma ya nyumba yake akigeuza dagaa kwenye vichanja, amevaa gauni jeupe la kazi ambalo halikustahili kuwa jeupe kwenye kazi ile. Nilimwambia. Hakuacha kugeuza dagaa.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa nakusikia kutoka jikoni, unasaliga kama mtu mvua imemkuta na nguo kambani."

"Ulinichukia, Shangazi?"

"Nilikuchukia sana." Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja bei. "Nilisikia umeolewa, bado nakuchukia. Nilisikia umejifungua, bado. Halafu nikachoka. Kumchukia mtu wa mbali ni kazi, na mimi nina dagaa."

Nilianza kulia. Nilimwambia naomba msamaha, mimi na Baba pia. Hapo ndipo aliponyoosha mgongo na kunitazama kwa muda mrefu, ule mtazamo ambao mtoto niliyekuwa aliuita wa kipelelezi. Sasa niliona kwamba ulikuwa mtazamo wa mtu anayesubiri kuulizwa kitu kwa wema.

"Wa kwako nimeupokea," alisema. "Wa Kaka aje nao mwenyewe. Mambo ya watu wazima yalikwisha kupitishwa kwa mtoto mara moja."

Nilimfikishia Baba maneno yale kama yalivyo. Alikaa nayo wiki nzima. Jumamosi asubuhi nikamkuta ameshanyoa ndevu, amevaa koti, anauliza gari la Bunda linaondoka saa ngapi. Safari ilimtesa magoti, hakulalamika. Shangazi alituona tunashuka, akaingia ndani na kuweka viti viwili.

Viwili, si vitatu. Baba aliingia, mlango ukafungwa. Nimekuwa mtu wa kubana masikio milangoni tangu nina miaka tisa, na siku ile, nawaambia ukweli, miguu yangu iliutaka mlango ule. Nilitembea mpaka kule magari yanakopanga foleni ya kivuko cha Ukerewe, nikakaa juu ya jiwe, nikaangalia watu wanavyoshusha mizigo. Kivuko kiliondoka na kurudi kabla Baba hajatoka. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa amebeba mfuko wa dagaa. Sikumuuliza kitu, na mpaka leo sijui walisemezana nini.